Kisukari cha Aina ya Pili: Namna ya Kupunguza Uzani na Kuuzuia Usirudi

SOMO LA AFYA KWA WAKAZI

Mara nyingi mambo huenda hivi. Mkazi anapimwa na kuambiwa ana kisukari cha aina ya pili. Anashtuka. Kwa miezi mitatu ya kwanza anaacha soda, anapunguza chapati na kutembea kila asubuhi. Uzani unashuka, sukari inashuka, na suruali inaanza kuhitaji mshipi. Kisha kazi inabana, mvua ya Aprili inaanza, sherehe za Desemba zinafika. Mwaka unapoisha, mizani inasoma kama ilivyosoma siku ya kwanza, na daktari anaongeza tembe nyingine.

Wengi wanaofika hapo hujilaumu kwamba hawana nia. Wengine huona aibu na kuacha kabisa kwenda kliniki, na hapo ndipo hatari kubwa inapoanza, kwa kuwa sukari iliyopanda bila kudhibitiwa huharibu macho, figo, neva za miguu na mishipa ya moyo kimyakimya, kwa miaka mingi, kabla dalili kuonekana.

Jambo ambalo ni nadra kuelezwa ni kwamba kupunguza uzani na kuulinda usirudi ni kazi mbili tofauti. Ya kwanza ni ya miezi. Ya pili ni ya miaka, na inahitaji mbinu zake. Somo hili linaeleza kazi zote mbili kwa chakula kinachopatikana katika vibanda na masoko ya Nairobi, na kwa barabara ambazo wakazi wa Westlands, Kangemi, Kawangware na Dagoretti huzipita kila siku kuelekea katikati ya jiji.

Hali ilivyo nchini

Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza, uliofanywa na Wizara ya Afya, Shirika la Taifa la Takwimu na Shirika la Afya Duniani (WHO), uligundua kuwa asilimia 27 ya Wakenya wazima walikuwa na uzani uliozidi au unene wa kupindukia. Kwa wanawake ilikuwa asilimia 38.5, na kwa wanaume asilimia 17.5. Utafiti huohuo ulionyesha kuwa takriban asilimia 88 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari ya damu maishani.

Takwimu hizi zikisomwa pamoja zinaeleza kwa nini watu wengi hugundua wana kisukari wakiwa tayari na kidonda kisichopona au macho yenye ukungu. Uzani huongezeka polepole, sukari hupanda polepole, na hakuna anayepima.

Uzani wenyewe hauelezi kila kitu. Mafuta yanayokaa tumboni ndiyo yenye madhara zaidi, kwa hivyo wataalamu hupima kiuno. Tepu huzungushwa katikati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi. Kwa mwanamke, hatari huanza kuongezeka kiuno kinapofika sentimita 80. Kwa mwanamume Mwafrika kipimo kinachotumika ni sentimita 94. Kwa wanaume wenye asili ya Asia Kusini, jamii yenye wakazi wengi Parklands na Westlands, ni sentimita 90, kwa kuwa jamii hiyo hupata kisukari ikiwa na uzani mdogo zaidi. Mtu anaweza kuonekana mwembamba barabarani na bado kiuno chake kikawa kinamwonya.

Mafuta ya tumboni yanavyovuruga sukari

Insulini ni homoni inayotengenezwa na kongosho. Kazi yake ni kuwezesha sukari kutoka kwenye damu na kuingia katika misuli na viungo vingine ili itumike kama nguvu. Mwili unapopokea chakula kingi kuliko unavyotumia, ziada huhifadhiwa kama mafuta. Yakijaa chini ya ngozi, huanza kukaa ndani ya ini na kongosho.

Ini lililojaa mafuta haliitikii insulini vizuri. Huendelea kumwaga sukari kwenye damu hata usiku mtu akiwa amelala. Ndiyo sababu wengine hulala bila kula na bado huamka na sukari ya juu. Kongosho nalo likijaa mafuta hushindwa kutoa insulini ya kutosha. Mambo haya mawili yakikutana, kisukari cha aina ya pili hujitokeza.

Habari njema ni kwamba mafuta hayo hupungua uzani unaposhuka. Nchini Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017 ulifuatilia watu 306 waliokuwa na kisukari kwa muda usiozidi miaka sita na ambao hawakuwa wakitumia insulini. Nusu yao walipewa chakula maalumu cha kalori kama 850 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano, kisha wakarejeshwa kwenye chakula cha kawaida hatua kwa hatua. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 ya kundi hilo walikuwa na sukari iliyo chini ya kiwango cha kisukari bila kumeza dawa ya sukari. Kati ya waliopunguza kilo 15 au zaidi, walikuwa asilimia 86. Kati ya waliopunguza kati ya kilo 5 na 10, walikuwa asilimia 34.

Madaktari hawaiiti hali hiyo kupona, kwa sababu uzani ukirudi, sukari hurudi. Baada ya miaka miwili, waliobaki katika hali hiyo walikuwa asilimia 36. Chakula cha kalori chache kiasi hicho hakifai kujaribiwa nyumbani bila daktari. Somo la kubeba hapa ni kwamba kila kilo ina thamani yake, na kwamba miaka ya mwanzo baada ya kugunduliwa ndiyo yenye nafasi kubwa zaidi.

Si lazima kuanza na kilo 15. Kwa mtu wa kilo 84, asilimia tano ni kilo nne na kidogo. Kiasi hicho huweza kushusha sukari, presha na mafuta ya damu. Lengo la kwanza liwe hilo, kwa miezi mitatu hadi sita.

Kwa nini uzani hurudi

Mwili wa binadamu haujui kuwa mtu anapunguza uzani kwa hiari. Huona njaa imeingia. Watafiti wa Australia waliofuatilia watu 50 waliopunguza uzani walichapisha matokeo yao mwaka wa 2011: mwaka mzima baadaye, homoni zinazoleta njaa zilikuwa bado juu kuliko mwanzo. Tena, mwili mwepesi hutumia nguvu kidogo kuliko mwili mzito kwa kazi ileile. Sahani iliyomtosha mtu akiwa na kilo 90 humnenepesha akiwa na kilo 80.

Kwa hivyo anayehisi njaa zaidi baada ya kukonda si mlafi. Mwili wake unafanya kazi yake ya kale ya kujilinda.

Je, inawezekana kuushinda? Nchini Marekani, utafiti mkubwa wa watu 5,145 wenye kisukari cha aina ya pili ulifuatilia waliopewa msaada wa kudumu kuhusu lishe na mazoezi. Mwaka wa kwanza walipunguza wastani wa asilimia 8.6 ya uzani wao. Kufikia mwaka wa nane, sehemu ya uzani ulikuwa umerudi na wastani ukawa asilimia 4.7. Lakini nusu ya watu hao walikuwa bado wamepungua kwa asilimia tano au zaidi, miaka minane baadaye. Walihitaji dawa chache kuliko wenzao.

Utafiti huo haukuonyesha kupungua kwa mshtuko wa moyo na kiharusi. Ndiyo sababu mgonjwa aliyekonda hapaswi kuacha dawa za presha au za kolesteroli kwa uamuzi wake mwenyewe.

Waliofaulu kuulinda uzani wao katika tafiti za aina hii hufanana kwa mambo machache: hutembea au kufanya mazoezi karibu kila siku, hujipima mara kwa mara, hula kwa mpangilio unaofanana siku za kazi na wikendi, na hurekebisha mambo mapema uzani unapoanza kupanda.

Sahani ya Nairobi

Hakuna chakula cha wagonjwa wa kisukari na kingine cha familia. Chakula kinachomfaa mgonjwa kinawafaa watoto na mwenzi wake pia, na kupika sufuria mbili huchosha na kugharimu. Kipimo rahisi ni sahani ya kawaida iliyogawanywa hivi: nusu iwe mboga, robo iwe protini, robo iwe wanga.

Mboga za nusu ya sahani ni sukuma wiki, kabichi, mchicha, managu, kunde na kachumbari. Protini ni maharagwe, ndengu, mayai, omena, samaki, kuku au nyama isiyo na mafuta mengi. Wanga ni ugali, wali, chapati, viazi, nduma, mukimo au ndizi za kupika. Viazi si mboga katika hesabu hii, hata vikiwa ndani ya mchuzi.

Kwa wakazi wengi, tatizo ni ukubwa wa ile robo. Ugali wa kiasi cha ngumi ya mlaji mwenyewe unatosha. Katika kibanda, mteja anaweza kuagiza ugali nusu na mboga mara mbili. Anayependa chapati na maharagwe abakize maharagwe yote na apunguze chapati kutoka mbili hadi moja. Chapati moja kubwa ina takriban kalori 300, na sehemu kubwa ya tofauti kati ya moja na nyingine ni mafuta ya kukaangia.

Aina ya unga pia ni muhimu. Unga wa mahindi uliosagwa kwa posho bila kukobolewa una nyuzinyuzi zaidi kuliko unga mweupe laini wa pakiti. Ukichanganywa na mtama au wimbi, hushibisha haraka. Hata hivyo ugali wa wimbi bado ni wanga. Kuubadilisha rangi hakumruhusu mtu kula mlima.

Githeri ni mojawapo ya vyakula bora jijini, mradi maharagwe yawe mengi kuliko mahindi na mafuta yawe kidogo. Vilevile utaratibu wa kula una faida: anayeanza na mboga na protini, kisha akamalizia na wanga, sukari yake hupanda polepole kuliko anayeanza na ugali.

Sukari ya kwenye chai inahitaji hesabu yake. Mtu anayekunywa vikombe vitatu kwa siku na kutia vijiko vitatu vya chai katika kila kikombe hutumia gramu 36 kila siku. Kwa mwaka ni kilo 13, yaani pakiti sita na nusu za kilo mbili, za mtu mmoja, kwenye chai peke yake. WHO inashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia tano, ambayo ni kama vijiko sita. Anayepunguza kijiko kimoja kila wiki mbili huzoea bila kuteseka. Dukani na kibandani, aulize kwanza kama chai imetiwa sukari sufuriani.

Chupa ya soda ya nusu lita huwa na takriban vijiko 12 vya sukari. Sharubati ya matunda, hata ya kusagwa mbele ya mteja, hupandisha sukari haraka kuliko tunda lenyewe, kwa kuwa matunda matatu au manne huingia katika glasi moja na nyuzinyuzi zake zimesagwa au kuchujwa. Tunda lizima ni bora: chungwa moja, kipande cha papai, nusu ya embe kubwa. Parachichi lina sukari kidogo sana lakini kalori zake ni nyingi, kwa hivyo robo au nusu inatosha.

Vitafunio vya njiani ndivyo huharibu hesabu ya wengi. Mandazi ya asubuhi, smokie ya saa kumi na chipsi za jioni kwenye stage huliwa mtu akiwa amesimama, na kwa hivyo hayahesabiwi kuwa chakula. Yai la kuchemshwa na kachumbari, au njugu za kujaa kiganja, hushibisha zaidi na havipandishi sukari sana. Aliyekula chakula cha mchana cha kutosha, chenye maharagwe na mboga, hufika stage saa kumi na mbili bila njaa ya kumfanya anunue kila kinachonukia.

Kuhusu pombe, bia ina kalori nyingi, na kwa anayetumia insulini au tembe fulani, pombe bila chakula huweza kushusha sukari kwa hatari saa kadhaa baadaye, hata akiwa amelala.

Mwendo: kazi ya misuli

Kutembea nusu saa hutumia takriban kalori 150 kwa mtu wa kilo 80, yaani nusu ya ile chapati. Kwa hivyo mazoezi peke yake, bila kubadilisha sahani, hupunguza uzani kidogo tu. Kazi yake kubwa ni mbili: kuuzuia uzani uliopungua usirudi, na kushusha sukari moja kwa moja. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inapofanya kazi kwa udhaifu, na faida hiyo huendelea kwa saa nyingi baada ya mtu kupumzika.

WHO inashauri angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Mwendo wa wastani ni ule ambao mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Kwa kuulinda uzani, dakika 200 hadi 300 ni bora zaidi.

Kiasi hicho kinaonekana kikubwa hadi kinapogawanywa. Tuchukue mfano wa mkazi wa Kangemi anayefanya kazi Tom Mboya Street. Akishuka Museum Hill asubuhi na kutembea hadi kazini, ni takriban kilomita mbili, mwendo wa dakika 20 hadi 25. Akirudi hivyohivyo jioni, amefikisha dakika 40 au zaidi kwa siku, na zaidi ya 200 kwa siku tano. Akiwa na nguvu zaidi, anaweza kushuka Westlands, takriban kilomita nne kutoka katikati ya jiji. Anayetoka Kawangware au Dagoretti anaweza kutumia njia ya waendao kwa miguu kando ya Ngong Road kwa sehemu ya safari.

Wakati wa kutembea pia una uzito wake. Utafiti wa New Zealand uliochapishwa mwaka wa 2016 ulilinganisha watu wenye kisukari cha aina ya pili walipotembea dakika 30 mfululizo wakati wowote wa siku, na walipotembea dakika 10 baada ya kila mlo. Sukari ya baada ya mlo ilikuwa chini kwa asilimia 12 walipotembea baada ya kula, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi baada ya mlo wa jioni. Kwa mfanyakazi wa katikati ya jiji, hiyo ni kuzunguka Central Park au Jeevanjee Gardens baada ya chakula cha mchana. Kwa aliye nyumbani, ni kuzunguka ploti mara kadhaa kabla ya kuketi mbele ya televisheni.

Usalama uzingatiwe. Barabara nyingi za mitaani hazina taa, na si kila mtu anaweza kutembea gizani. Wanaotembea alfajiri au jioni watembee wawili au zaidi. Siku za mvua, ngazi za jengo, kuruka papo hapo, au kucheza muziki sebuleni kwa dakika 10 mara tatu hufanya kazi ileile. Wikendi, Nairobi Arboretum, bustani iliyoanzishwa mwaka wa 1907, ina njia tulivu chini ya miti, na Uhuru Park iko karibu na stage za matatu.

Mara mbili kwa wiki misuli ipewe kazi ya nguvu: kuinuka na kuketi kitini mara 10 hadi 15 bila kushika chochote, kusukuma ukuta kwa mikono, kuinua chupa za lita mbili zilizojaa maji. Mtu anapokonda bila kufanya kazi hii hupoteza misuli pamoja na mafuta, na misuli ndiyo ghala kuu la sukari mwilini.

Tahadhari kabla ya kuanza

Anayetumia insulini au tembe za glibenklamidi azungumze na daktari kabla ya kupunguza chakula au kuongeza mazoezi, kwa sababu sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Dalili ni kutetemeka, jasho la baridi, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Mashine ikisoma chini ya 4, atumie mara moja vijiko vitatu au vinne vya sukari katika maji, apumzike dakika 15 na kupima tena. Anayekwenda kutembea abebe peremende au sukari mfukoni. Metformini ikitumika peke yake ni nadra kuleta tatizo hili.

Anayetaka kufunga Ramadhani au kufunga kwa maombi azungumze na daktari wiki kadhaa mapema.

Miguu ichunguzwe kila jioni, pamoja na nyayo na katikati ya vidole. Viatu viwe vya kufunika, vyenye soksi, na visibane. Lengelenge dogo kwa mguu uliokufa ganzi linaweza kuwa kidonda cha miezi. Mwenye maumivu ya kifua, kidonda mguuni au tatizo kubwa la macho asianze mazoezi kabla ya kuonwa na daktari.

Jambo lingine: si kila kukonda ni kuzuri. Anayepungua uzani bila kujaribu, huku ana kiu kali na kukojoa mara kwa mara, sukari yake huenda iko juu sana. Huyo aende kituo cha afya siku hiyohiyo.

"Umekonda, una nini?"

Wapo waliofanya kila kitu sawasawa na wakashindwa na maneno ya watu. Katika jamii nyingi zetu, kitambi bado huchukuliwa kuwa dalili ya mafanikio, na kukonda huzua minong'ono ya ugonjwa au ya umaskini. Jamaa hushangaa, jirani huuliza, shangazi huongeza kipande cha nyama kwenye sahani akidhani anasaidia.

Ni vyema mgonjwa aandae jibu fupi mapema: daktari ameniambia nipunguze, na ninaendelea vizuri. Familia nayo ina wajibu. Anayepika akijua mgawanyo wa sahani, na mwenzi akikubali kutembea naye baada ya chakula cha jioni, nusu ya kazi imefanyika. Mwenyeji wa sherehe hapungukiwi na heshima akiweka maji mezani pamoja na soda.

Kujipima ndiko kunakolinda

Uzani upimwe mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi kabla ya kula, na uandikwe kwenye daftari. Kiuno kipimwe mara moja kwa mwezi. Mizani hupanda na kushuka kwa nusu kilo au kilo moja kwa sababu ya maji tu, kwa hivyo siku moja isimtie mtu hofu.

Kanuni ya kufuata ni hii: uzani ukipanda kilo mbili juu ya kiwango alichofikia na kubaki hapo wiki mbili, arudie mara moja hatua za mwanzo. Asingoje mwaka mpya. Kilo mbili huondolewa kwa wiki chache. Kilo 10 huhitaji kuanza safari upya. Baada ya Desemba mashambani, au baada ya ugonjwa au msiba, kurudi kwenye mpango ndiyo kawaida ya waliofaulu, si dalili ya kushindwa.

Sukari ya asubuhi kabla ya kula, kwa wagonjwa wengi, hulengwa iwe kati ya 4 na 7. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, kwa wengi hulengwa kiwe chini ya asilimia saba. Wazee na wenye magonjwa mengine huwekewa malengo tofauti na daktari wao. Uzani unaposhuka, ni daktari anayepunguza dawa kwa kuangalia vipimo hivi. Mgonjwa asizipunguze mwenyewe, wala asizibadilishe kwa chai au unga wa kupunguza mwili unaouzwa mitaani.

Anza na haya wiki hii

1. Pima kiuno na uzani, uandike pamoja na tarehe.
2. Ondoa kijiko kimoja cha sukari katika kila kikombe cha chai.
3. Badilisha soda kwa maji.
4. Ongeza mboga hadi zifike nusu ya sahani kabla ya kupunguza kitu kingine chochote.
5. Tembea dakika 10 baada ya chakula cha jioni.
6. Mwambie mtu mmoja nyumbani unachofanya, na umwombe akuulize kila Jumapili.

Hatua hizi zikizoeleka kwa mwezi mmoja, ongeza nyingine. Anayebadilisha yote siku moja huchoka mapema.

Pa kupata huduma

Wakazi wanaweza kuuliza kuhusu kupimwa sukari na siku za kliniki katika vituo vya afya vya kaunti kama vile Westlands, Kangemi, Riruta na Waithaka, au katika hospitali za Mutuini na Mbagathi. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao mpango wao wa kitaifa ulizinduliwa Uhuru Park mnamo Septemba 2023, walipewa vifaa vya kupima sukari, presha na uzani nyumbani kwa nyumbani. Anayemfahamu mhudumu wa mtaa wake amwombe apitie.

Anayekwenda kituoni abebe kitambulisho, ahakikishe amejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), na abebe dawa zote anazotumia pamoja na daftari la vipimo. Aliye na umri wa zaidi ya miaka 40, mwenye kiuno kilichopita vipimo vilivyotajwa hapo juu, mwenye mzazi au ndugu mwenye kisukari, na mama aliyepata kisukari wakati wa ujauzito, wapimwe hata kama hawana dalili yoyote.

Na aliyewahi kupunguza uzani ukarudi, akaona haya kurejea kliniki, arudi. Daftari lake bado lina kurasa, na uzoefu wa mara ya kwanza tayari umemfundisha ni wapi safari yake huwa ngumu.